Lebo Mbili, Betri Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Profesa katangaza kwamba maabara itabaki na mmoja wetu: mimi au wifi yangu, mke wa kaka! Atakayebaki ni yule ambaye betri yake itatunza umeme mwingi zaidi Ijumaa. Nikikosa kazi hii, Mama atanilinganisha na wifi hadi nife. Yangu nimechanganya unga wa kutu na polima, yaani plastiki inayopitisha umeme. Tope jeusi tii! Nikalipaka kwenye karatasi ya shaba, nikakata viduara, nikafunga betri ndogo kama ya saa. Wifi kapaka kutu tupu. Mashine inazijaza umeme na kuumaliza, tena na tena.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Yangu haifiki hata nusu ya yake. Wifi kanipa pole, kasema nivute subira, polima huchelewa kuchangamka. Subira! Anataka nilale yeye apite.

Jumatano, 5 Machi
Saa saba mchana, wote wameenda kula. Nikabandua lebo za majina kwenye mashine, nikazibadilisha. Kwa haraka, lebo ya wifi ikakaa upande. Mlango ukajibamiza! Upepo tu. Nusura nizimie.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu! Betri yenye jina langu inaporomoka. Kutu tupu imevimba, imepasuka. Ile yenye polima inapanda, inapanda, kwa jina la wifi! Nikakimbilia lebo nizirudishe. Nikamkuta Profesa anazipiga picha. Akauliza mbona natiririka jasho. Nikasema feni imeharibika. Ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi kashinda. Halafu huyo huyo akamwambia Profesa kuna kosa, kutu tupu haiwezi kupanda hivyo, betri ile lazima ni yangu. Profesa akanigeukia. Nikaapa mbele ya wote kwamba sijawahi kuiona, ni ya wifi, hata lebo inasema!

Wifi akaniombea wiki moja zaidi. Tutashindana tena, na atanifundisha kuchanganya. Kosa langu nimeliona: nilichelewa. Safari hii nabadilisha lebo Jumatatu.