Mbege Haizungushwi Milima

Mzee Elisante,
Gaithersburg, Maryland.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Posa ya Ombeni,
Woodbridge, Virginia.

Ndugu Mwenyekiti Leokadia,

YAH: KUPINGA NJIA YA KUSINI, NA KUPINGA KUPANDISHWA NDEGE PEKE YANGU

Nyumbani wewe ni mwanangu, na ungeniamkia kabla sijafungua mdomo. Leo nakuandikia kwa cheo chako, kwa hiyo shikamoo yangu nitaidai siku nyingine.

Kwa faida ya wajumbe wanaofika kikao kikiwa kwenye mengineyo, nieleze tulipotoka. Mjukuu wangu Ombeni anamposa Chepngetich, ambaye wazazi wake wanaishi Colorado. Sisi Wachaga hatuendi kuposa mikono mitupu. Tunakwenda na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na mbege haipandi ndege, maana huumuka na kupasua chombo. Ndipo mpwa wangu Cosmas akajitolea kuikokota kwa pikapu yake, ndani ya ile karavani yake, nyumba ya magurudumu yenye jiko na vitanda. Mimi ndiye mshenga. Hadi hapo sote tulikuwa kitu kimoja. Malalamiko yangu yanaanzia pale Cosmas alipofungua utabiri wa hali ya hewa.

1. Cosmas amekataa kuvuka milima. Njia iliyonyooka inapita milima ya magharibi ya Maryland, lakini yeye anasema mwezi huu wa tatu kule juu kuna theluji, ukungu, na upepo unaoweza kuisukuma karavani ubavuni hadi iivute pikapu badala ya kuvutwa. Kwa hiyo tushuke kusini hadi Tennessee, tuzunguke. Mimi nimezaliwa Machame, mlima ukiwa dirishani, na nimefundisha jiografia hadi kustaafu. Nilimweleza bila haraka kwamba hewa yenye unyevu hupanda upande mmoja wa mlima, hupoa, na kuuangusha mzigo wake hapo. Ikishukia upande wa pili huwa kavu. Maana yake nusu ya kila mlima ni salama, na sisi tupite nusu hiyo. Cosmas akauliza tutaifikiaje bila kuivuka ile nyingine. Nikamjibu kwamba hilo ni swali la udereva, si la jiografia.

2. Njia ya kusini imejaa ndugu. Jambo hili kamati haikulitazama kabisa. Roanoke yupo shemeji Festus. Knoxville yupo dada wa Anitha, yule mpishi wetu wa mbege. Nashville yupo Njuguna, aliyekuwa jirani yetu hapa na ambaye hadi leo anatuhesabu kuwa ukoo. Hakuna hata mmoja ambaye utapita karibu na kwake na karavani ndefu kiasi kile asipate habari. Kila nyumba itapika, kila nyumba itatuwekea video ya ubatizo, na atakayekula akitazama saa ataambiwa amebadilika tangu ahamie Washington. Theluji, Ndugu Mwenyekiti, huanguka bila kukuuliza kwa nini hulali. Kati ya hatari mbili nashauri tuchague ile inayoyeyuka.

3. Cosmas anataka tuegeshe Kansas mpaka upepo wa upande wa Colorado utulie, hata kama ni siku kadhaa. Tumepanga mbege itiwe ulezi tukiwa njiani ili ifike ikiwa tamu. Ikishatiwa haijui kusubiri: kwanza ni tamu, halafu ni kali ya kuwafaa wazee, halafu ni siki. Wakwe wataionja kabla ya kunisikiliza, na sijawahi kuona binti akitolewa kwa siki. Tena nauliza, ni kikao gani kilichoupa upepo mamlaka ya kuahirisha posa? Tarehe ilipendekezwa, ikaungwa mkono, muhtasari ukathibitishwa. Upepo haukuleta hoja wala udhuru.

4. Hili linaniuma, kwa hiyo nitaliandika polepole. Jumapili baada ya ibada, kwenye maegesho ya kanisa, Anitha aliniuliza uzito wangu mbele ya wazee wenzangu. Nilidhani ni mambo ya afya, nikautaja, nikiupunguza kidogo. Kumbe Cosmas alikuwa akipiga hesabu ya mzigo, akajumlisha mapipa, maji, gesi na abiria, akaona kwamba kwa miteremko mirefu breki zitachoka, na kwamba kitu kimoja kipunguzwe. Wakanichagua mimi. Nipande ndege, nitangulie, mbege itanikuta huko.

Nilimuuliza kama amewahi kuona mshenga akifika kabla ya mbege. Akanijibu, "Mjomba, mlima haujui kama wewe ni mshenga. Mlima unajua kilo tu."

Vijana walicheka. Nami nilicheka, kwa kuheshimu mahali. Lakini baba yake Ombeni, mwanangu, hayupo tena duniani, na mdomo uliobaki wa kumsemea kijana huyu ni wangu. Nikisimama mlangoni kwa watu nisiowajua, peke yangu, sina kitu mkononi, watanipokea kama mzee aliyepotea njia. Watanipa maji na kukupigia simu wewe, binti yangu, uje kunichukua.

5. Kwa sababu hizo naiomba kamati ipitishe haya. Tupite milimani. Pikapu ije, Cosmas abaki, nami niendeshe. Leseni yangu ya Moshi imekwisha muda, lakini milima haijabadilika. Tukikwama kwenye theluji, wakwe waombwe kutufuata hapo tulipokwama, na posa ifanyike kando ya barabara, maana karavani ina jiko. Wakiona ni mbali, waombwe kuhamia Gaithersburg. Nyumba zipo, watu ni wakarimu, na suala la hali ya hewa tutakuwa tumelimaliza moja kwa moja.

Nabaki mjumbe wako mtiifu kwenye kikao, na baba yako kila mahali pengine. Nisalimie Ezekiel mumeo, na wajukuu wangu wanaonijibu Kiingereza nikiwasemesha lakini wakiitwa kula wanasikia Kiswahili. Salamu kwa mweka hazina, kwa kwaya, na kwa Cosmas pia. Yeye msalimie kwa sauti ya kawaida.

Mzee Elisante,
Mshenga.

Baada ya sahihi: Amenipigia simu sasa hivi Bibi Edah, nyanya yake Chepngetich, akitaka kujua tutafika wangapi ili apange chai. Nikamuuliza kuhusu vikombe vya mbege. Akasema kwa upole mkubwa, "Mzee, sisi tumeokoka. Pombe haijaingia nyumba hii tangu mzee wangu aokoke. Wewe njoo tu na maneno yako." Kwa hiyo futa yote yaliyo juu, ila lile la uzito. Tunapanda ndege, wajumbe wote pamoja, nami nimekwisha kuomba kiti cha mbele. Tatizo limebaki moja: Anitha, kwa kuchoshwa na mjadala wetu, ametia ulezi mapipa yote leo asubuhi, na hayo hayasubiri. Itisha kikao cha dharura kesho jioni gerejini kwake, kila mjumbe na kikombe chake. Cosmas naye aje, ila pikapu aiache kwake.