Mchezo Uliofichwa Kwenye Kapu la Nepi

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nimechaguliwa! Mwongozaji wa mchezo wa kufunga muhula ni mimi. Kura kumi na moja kwa tisa. Aliyepata tisa ni Bi Dawa, yule anayeuza kwenye duka la dawa na kujiona daktari kamili. Alinipongeza huku mdomo ameubana kama kifuniko cha chupa.

Mchezo nimeutunga mwenyewe. Unaitwa Bibi Kufuli. Unamhusu mama mkwe katili anayefungia sukari kabatini na kumtesa mkwe wake, binti mpole, mzuri, mwenye akili nyingi. Ni mambo ya kubuni matupu. Ni kweli mama mkwe wangu naye anavaa ufunguo wa kabati la sukari shingoni, lakini wanawake wenye funguo wako wengi.

Darasa letu la watu wazima linaanza saa nane mchana, watoto wa shule wakishaondoka. Tunakalia madawati yao, magoti yanagusa kidevu. Muda huo mama mkwe ndiye anayekaa na mwanangu wa miezi tisa, ambaye kwa jinsi anavyotutuma tunamwita Bosi. Kila anachokula na kila anapolala, bibi yake anaandika nyuma ya kalenda kwa kipande cha penseli anachochomeka kwenye kilemba.

Leo nimerudi akaniuliza tumesoma nini. Nikasema tunaandaa mchezo. Akavuta kigoda, akaketi. Halafu akasema yeye ana miaka sitini na mbili, mgongo unamuuma, na kama anabeba mtoto ili mama mtu akacheze, basi siku ya mchezo atakuja kuyaona hayo masomo kwa macho yake. Akikuta upuuzi, mwakani nitafute mtu mwingine wa kunilelea.

Mwakani ndio mwaka wa mtihani! Bila yeye sina shule!

Nikasema karibu sana, Mama. Ndipo nikakumbuka mchezo wenyewe unamhusu nani. Yaani, unahusu nini.

Daftari nimelificha chini kabisa ya kapu la nepi safi. Nani atapekua nepi?

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Mazoezi ya kwanza. Mungu anipe subira!

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuigiza. Bibi Kufuli ni Fundi Cherehani, mama mnene mwenye roho ya pamba. Nilimwambia amfokee mkwe. Akamfokea, halafu akamwomba radhi, halafu akapiga magoti kumrekebishia pindo la gauni kwa sababu, eti, lilikuwa linamkera. Na pini zote ziko mdomoni! Ukatili wote unatokea puani.

Bwana harusi ni Mlinzi, wa lindo la mchana mpaka saa saba, anayekuja darasani na sare yake. Kazi yake ni moja tu: mlango ukibishwa, afungue, amkumbatie bibi harusi, amkaribishe ndani. Mlango ukabishwa. Akafungua nusu. Akamuuliza bibi harusi jina, anakotoka, anakuja kumwona nani, na kama ana miadi.

Nikamwambia huyu ni mke wako! Akasema hata mke wa mkurugenzi anaandikishwa.

Tumerudia mara tisa. Mara ya tisa alimruhusu apite, lakini akamkagua mkoba.

Bibi harusi, yaani yule mkwe, ni Bi Dawa. Nilimpa nafasi hiyo ili anyamaze. Hakunyamaza. Anataka binti wa mchezoni awe na shahada.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Hujuma! Kuna mtu ameandika ndani ya daftari langu kwa penseli!

Mimi niliandika hivi: Bibi Kufuli anamkuta mkwe amelala saa tatu asubuhi, anamwamsha kwa kelele. Pembeni pameongezwa, kwa herufi kubwa zilizosimama wima: SI KWELI. ALIMKUTA AMELALA, AKAMFUNIKA SHUKA, AKAMTOA MTOTO NJE ASIMWAMSHE.

Si kweli! Ni mchezo wa kubuni, utakuwaje si kweli?

Ni Bi Dawa tu. Jana daftari lilibaki mezani darasani dakika tano nilipokwenda kuchota maji. Zilimtosha. Anataka kunilainishia adui ili mchezo udode, mwakani achaguliwe yeye. Nimefuta kwa ufutio mpaka karatasi ikatoboka.

Mama mkwe leo kaniuliza, bila sababu yoyote, kama nilishawahi kumsikia akipiga kelele asubuhi. Nikasema hata, Mama. Akasema haya.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Nimepata dawa ya tatizo langu. Mchezo ni Ijumaa ijayo, unaanza saa nane. Mama mkwe nimemwambia saa kumi. Akifika, atakuta tunapiga makofi na kupeana mikono, ataona watu wazima wenye furaha, atasema elimu ni kitu kizuri. Nilijipongeza mwenyewe pale jikoni nikiosha chupa za Bosi.

Furaha ilidumu mpaka saa sita. Mama mkwe alikwenda kumnunulia Bosi dawa ya tumbo. Kwa nani? Kwa Bi Dawa! Akarudi akaniambia, taratibu, huku akipima dawa kwenye kijiko, kwamba yule binti wa dukani ana adabu sana, kamwambia mchezo ni saa nane kamili, na afike mapema apate kiti cha mbele.

Kiti cha mbele!

Nikasema aa, basi nilichanganya, Mama. Uchovu. Akaniangalia. Akasema kweli nimechoka, nikalale, yeye atamwogesha mtoto. Nililala kwa hasira. Niliamka saa kumi na nusu nikakuta nimefunikwa shuka. Sijui nilijifunika saa ngapi.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Nimemtumia mume wangu. Kosa.

Yeye ni fundi wa majokofu, anaweza kuongea na mashine yoyote, ila mbele ya mama yake anakuwa na miaka sita. Nilimpanga vizuri: amwambie mama yake kuwa mama mdogo anaumwa miguu, Ijumaa ampeleke akamwone. Nikambananisha mpaka akakariri.

Alichokwenda kusema ni hiki: Mama, Ijumaa twende kwa mama mdogo. Mama yake akamuuliza kama ametumwa na mkewe. Akasema ndiyo. Basi! Hata hakupepesa macho! Akaja kuniambia kwamba mambo yamekwenda vizuri, hakufokewa.

Na penseli imerudi. Nimekuta ukurasa mzima. Pale ambapo Bibi Kufuli anamnyima mkwe mjamzito sukari kwa roho mbaya, pameandikwa: DAKTARI NDIYE ALIYEMKATAZA SUKARI. MAMA MKWE ALIKUWEPO. ASALI ILIWEKWA NYUMA YA KOPO LA MAJANI YA CHAI.

Sasa ushahidi umekamilika. Daktari! Nani mwingine angeingiza udaktari kwenye mchezo wa watu? Nilimvaa Bi Dawa mbele ya darasa zima. Akakana. Akaapa. Akasema yeye anatumia kalamu ya wino, na tena hana hata habari daftari linakaa wapi. Mwigizaji gani huyu? Jukwaani kama gogo, lakini kwenye kukana machozi yanamlengalenga kabisa.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Mpango wa mwisho, na huu hauna tundu.

Ukumbi ni madarasa mawili yaliyotolewa ukuta wa mbao katikati. Pana nguzo moja nene. Nyuma ya nguzo hiyo nimeweka kiti, na juu ya kiti karatasi yenye maandishi mazuri: MGENI MAALUMU. Mtu hawezi kukataa heshima. Ukikaa hapo, unaona nguzo. Jukwaa huoni. Tena atakuwa na Bosi, Bosi atalia, atatoka naye nje. Nimemzuia Bosi asilale mchana wa leo ili kesho awe na hasira. Mama wa namna gani mimi? Mama anayetaka kumaliza shule, ndiye.

Saa kumi na moja jioni Bosi alisinzia mkononi mwangu, kijiko kikiwa mdomoni. Sikuwa na roho ya kumwamsha. Nimekaa naye hivyo hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.

Fundi Cherehani sasa anaweza kusema maneno yote ya Bibi Kufuli. Anayasema kama anamwimbia mtoto alale, lakini anayasema. Mlinzi ameahidi hatamwandikisha mtu.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Watu walijaa. Mama mkwe alifika saa saba na nusu, Bosi mgongoni. Akasoma karatasi, akaangalia nguzo, akaniangalia mimi, akakaa.

Pazia letu la shuka mbili likafunguliwa. Bi Dawa akaingia, akalia vizuri kuliko mazoezini. Mlinzi akamwacha apite bila kumwandikisha. Nikiwa nyuma ya pazia, nikaanza kupumua.

Ikaja sehemu ya sukari. Fundi Cherehani akaingia, akauona umati. Macho yakamtoka. Akainama kana kwamba anatazama pindo la kitambaa cha meza. Akaingia chini ya meza. Hakutoka!

Nikamnong'oneza maneno yake. Nikanong'ona kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. Chini ya meza ikatoka sauti ndogo ikisema miguu imekataa, samahani jamani. Bi Dawa kasimama na kikombe kitupu. Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Mwalimu wetu wa lugha akavua miwani. Nikajua mwakani imekwenda, mtihani umekwenda.

Hapo ndipo nyuma ya nguzo ikasikika sauti.

"Sukari huipati!"

Mama mkwe! Amesimama! Anakuja, Bosi kalala mgongoni kama mzigo wa pamba. Akapanda jukwaani, akafika kwenye mlango wetu wa maboksi. Na Mlinzi, mtu niliyemfundisha siku tisa, akanyoosha mkono akamzuia. Akamuuliza jina, anakotoka na anakuja kumwona nani.

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Mama mkwe alisubiri wamalize. Akamwambia nyumba hii kaijenga yeye, na yeye Mlinzi anaishi humo kwa hisani, kwa hiyo ama asogee ama aanze yeye kujiandikisha. Mlinzi akapiga saluti. Akasema pita, Mama.

Akaketi. Akavua ufunguo shingoni, ufunguo wa kweli wa kabati letu, akauweka mezani. Akamwambia Bi Dawa sukari huipati kwa sababu daktari alikukataza nikiwa nimekaa hapo hapo, na wewe ukajifanya hukusikia. Asali nilikuwa nakuwekea nyuma ya kopo la majani, ikiisha naongeza, ukadhani inaota yenyewe. Ulipolala asubuhi nilikufunika. Kelele ulizosikia zilikuwa zangu na jirani, nikimwambia apunguze redio, mkwe wangu amelala.

Sindano ingeanguka tungeisikia. Ikaanguka kweli, ya Fundi, chini ya meza. Bi Dawa akalia machozi halisi. Mlinzi naye.

Bosi akaamka, akaniona kwenye upenyo wa pazia, akapiga ukelele na kunyoosha mikono. Ikabidi nitoke. Mama mkwe akamfungua mgongoni, akanikabidhi, akaniambia mbele ya watu wote: unaandika vizuri, mwanangu, ila unaangalia vibaya.

Makofi mpaka vumbi la chaki likashuka kwenye dari.

Mimi nilibaki nimesimama na Bosi anayenivuta sikio. Maneno yale hayakuwa yangu! Ya kwangu niliyaandika mimi! Hakusema hata sentensi moja kama ilivyo kwenye daftari, isipokuwa ile ya sukari!

Jumapili, tarehe 16 Novemba

Zawadi ya mwigizaji bora, birika jipya, amepewa mama mkwe. Mtu ambaye hata kuandikishwa darasani hajaandikishwa! Mwongozaji nimepewa shukrani za jumla, pamoja na waliopanga viti.

Lakini jambo moja. Asubuhi hii, akiwa anamlisha Bosi, amesema mwakani atakaa naye mpaka nimalize mtihani. Alilisema kama anavyosema mvua inakuja. Mwalimu, akasema, kamwomba aigize tena, kwa hiyo lazima shule iendelee. Nilitaka kumshukuru kwa maneno mengi, nikasema tu ahsante Mama, nikaenda jikoni. Nikaangalia nyuma ya kopo la majani ya chai. Asali ipo. Chupa imejaa. Nimekunywa chai mbili.

Namna alivyoyajua maneno ya mchezo ni rahisi: alikuwa ananisikia nikifanya mazoezi wakati wa kufua. Hilo namsamehe. Bi Dawa na penseli yake sijamsamehe, na sitamsamehe.

Kwa mwakani nimeshaanza mchezo mpya. Unaitwa Bibi Birika. Unamhusu mzee mmoja anayempora mwongozaji kijana mchezo wake mbele ya watu. Ni mambo ya kubuni matupu. Safari hii nitakuwa mwangalifu, hakuna atakayeona hata ukurasa mmoja mpaka siku yenyewe.

Nilipokuwa nalificha daftari, nimeokota kipande cha penseli kati ya nepi. Cha mama mkwe. Nimemrudishia. Amekichomeka kwenye kilemba, akasema alikuwa anakitafuta tangu Jumanne. Uzee huo, anasahau vitu mahali pa ajabu.

Daftari nimelirudisha pale pale, chini kabisa. Mahali pameshathibitika.