Mbona Hamji Kuikamata Mashine ya Mwanangu?

Kwenu Wakubwa wa Ofisi ya Kuficha Uvumbuzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila presha. Baba watoto mzima, goti ndilo linalomsumbua. Binti yangu mshonaji anawasalimu. Mkwe wangu anawasalimu huku amenuna. Mjukuu ameota meno mawili, naye anawasalimu. Mwanangu mkubwa, fundi friji, hawasalimu, anasema mnamjua.

Nisameheni mwandiko, niliishia darasa la nne. Jina la ofisi yenu nimelikisia, maana mwanangu anasema ni ya siri. Karani wa posta kaniambia, "Mama, andika Serikalini tu, itafika."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanangu ametengeneza gurudumu la sumaku linalotoa umeme bila mafuta, bila jua, bila chochote. Halizunguki mpaka lichomekwe ukutani, lakini anasema huo umeme wenu ni wa kuliamshia tu. Linaamshwa tangu mwezi wa pili.

2. Anasema serikali haiwezi kuliacha, mtakuja kulibeba wakati wowote. Basi kaacha kazi, kakaa dirishani anawangoja. Miezi minane! Hata mgeni wa harusi asipokuja hutuma udhuru. Friji sita za watu zimeziba ukumbi, tunapita ubavu. Mwenye bucha haishi kupiga hodi: "Profesa, nyama yangu inaoza, wewe unachungulia nini?"

3. Maji mnakata bila kuombwa. Barabara mmefunga bila kuombwa. Mwanangu anawaomba kwa adabu mumzime, mnamfanyia maringo. Au kukandamizwa nako ni kwa watoto wa wakubwa?

4. Mkwe, mke wa huyu fundi, kafunga begi. Mume asiposhika bisibisi kufikia Jumamosi, anarudi kwao na mtoto. Nikamwambia, "Mwanangu, vumilia, serikali iko njiani." Kanijibu, "Mama, hiyo serikali ingekuwa njiani, ingekuwa imeshatumbukia kwenye shimo la pale mlangoni."

Nikachungulia mlangoni, na kweli shimo lipo.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya Jumamosi, mlete watu wawili na gari. Walibebe gurudumu, wamkaripie kidogo, wasimpige, ana pumu. Akishaonewa vizuri roho itatulia, atarudi kwenye friji zake, na mjukuu wangu atabaki.

Wasalimieni wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo, na yule anayewachemshia chai.

Ni mimi,
Mama yake fundi.

N.B. Sijalamba bahasha, wamekuja wanaume wawili na gari, wanamuuliza fundi. Mwanangu alianza kutetemeka kama kifaranga kilicholowa. Nimewaambia fundi alishakufa, nikawafungia mlango, na gurudumu nimelikalia hapa ninapoandika. Kazi ya mwanangu haigusi mtu nikiwa hai! Kama walikuwa wenu, wasirudi. Kama walileta friji, warudi leo leo, fundi yupo. Nijibuni upesi walikuwa akina nani.