Goti Langu, Vidonge Vyangu na Kabati la Milango Mitatu

Jumatatu, 3 Machi
Goti la kulia limevimba kama mpira. Siri yangu. Miaka ishirini na sita nahamisha samani za watu, sijawahi kuomba msaada hata kwa friji. Leo bosi katangaza: Jumamosi tunapandisha kabati la milango mitatu hadi ghorofa ya nne. Atakayeongoza vizuri ndiye msimamizi mpya. Twiga, mwenzangu mwenye miguu mirefu na akili fupi, akanitazama goti. Nikapiga mluzi.

Jumanne, 4 Machi
Duka la dawa. Mfamasia kanipa vidonge vya maumivu na uvimbe. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, nikishakula, na nisichanganye na dawa nyingine ya maumivu. Akauliza kama tumbo langu ni zima. Nikamwambia mwili huu ni chuma.
“Hata chuma hushika kutu, baba.”
Baba! Na mvi zake zile!
Nimepiga hesabu. Kimoja ni cha mtu wa kawaida. Nimemeza viwili.

Jumatano, 5 Machi
Goti kimya! Nimeshuka ngazi mbilimbili mbele ya Twiga. Tumbo linawaka kidogo. Mke wangu kaokota karatasi ya dawa, akanisomea kwa sauti ya tangazo la msiba: kiungulia, vidonda, kuvuja damu tumboni, miguu kuvimba, figo. Nikasema hayo ni ya watu legelege. Akanisihi angalau nile kwanza. Nimekataa. Chakula hupunguza makali ya dawa. Ugunduzi wangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Viatu haviingii. Kazini nimesema ni misuli. Nimeongeza kidonge cha mgongo cha mke wangu. Jina tofauti, kwa hiyo hakuna tatizo.

Ijumaa, 7 Machi
Choo cheusi kama lami. Safi sana! Uchafu wa miaka unatoka. Mke sijamwambia. Angeharibu furaha.

Jumapili, 9 Machi
Naandika nikiwa hospitalini. Jana, ghorofa ya tatu, ukuta ulianza kuzunguka. Nikatapika kitu cheusi kwenye ngazi za watu. Twiga akaegemeza kabati ukutani, akaniita kaka kwa mara ya kwanza, akanibeba mgongoni hadi chini. Alikuwa analia, mpumbavu yule. Mimi ndiye niliyemwelekeza kila kona. Kwa hiyo niliongoza.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewekewa chupa mbili za damu. Daktari anasema nina kidonda kinachovuja. Nilizidisha dozi, nikameza kwenye tumbo tupu, na kile cha mke wangu ni ndugu wa vile vyangu. Akasema wengi hawafiki hapa wakiwa hai. Nikamshukuru kwa sifa hizo. Mke wangu alinishika mguu. Bosi kaja: msimamizi ni Twiga. Nimempa pole bosi.

Jumanne, 11 Machi
Goti limerudia ujeuri wake. Jirani wa kitanda cha pili, fundi bomba mstaafu, ana vidonge vya mgongo alivyoletewa na binti yake. Tumeelewana: nesi akienda kunywa chai, nampa uji wangu, ananipa vitatu. Daktari alipiga marufuku vile vyangu vyeupe. Hivi ni vyekundu.