Sakafu ya Mvule na Heshima Yangu

Jumamosi, 5 Agosti 1995

Shirika linauza nyumba zake. Ati hasara! Miaka yote nimekaa stoo nikilinda magunia yao ya pamba, leo tunapunguzwa kazi na nyumba zinapigwa bei. Bahati ni moja tu: anayekaa ndani ndiye anayepewa nafasi ya kwanza kununua. Mthamini atapita Ijumaa kupanga bei. Ikizidi kiinua mgongo changu, nyumba inakwenda kwa mwenye fedha, na sisi tutajua wenyewe pa kwenda.

Mke wangu, Mama Queen, akasema basi nyumba ionekane mbovu. Wazo zuri. Nimemwambia nilikuwa nalo tangu jana. Nimeanza kwa kung'oa zulia la sebuleni, lile la kijani aliloliacha meneja wa zamani, ili mthamini akute sakafu tupu. Vumbi! Misumari! Mende wa tangu Uhuru!

Na chini yake, mbao. Mvule mtupu, tangu enzi za Mwingereza. Nimekaa chini nikazitazama mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 7 Agosti

Venant amekuja. Ni jirani yangu, mhasibu, mtu wa tai. Nyumba yake na yangu ni pacha, hapa hapa mlimani Isamilo. Ameitazama sakafu akauliza kama nimehamishia ghala la pamba nyumbani. Yeye ametandika zulia jipya la maua juu ya mbao zilezile na wala hajui! Akasema mtu wa mjini hakanyagi mbao. Kanisema hivyo mbele ya mke wangu.

Mama Queen alicheka. Baadaye akadai alikuwa anakohoa.

Nimeamua sakafu hii itang'aa. Mama Queen akanikumbusha kwamba tulikubaliana nyumba iwe mbovu. Nimemwambia ubovu utabaki kwenye paa, choo na kuta. Sakafu ni suala la heshima.

Jumatano, 9 Agosti

Sikukuu ya wakulima yote nimeishinda magotini nikisugua kwa msasa. Magoti yamechubuka. Leo nimeshuka mtaa wa Mabatini kutafuta vanishi. Bei yake ni matusi! Soko huria, huria kwa nani? Nikamuuliza mwenye duka kama ndani ya kopo kuna dhahabu. Akalirudisha kopo kwenye rafu. Adabu imeisha nchi hii.

Nikatumia akili. Mitumbwi inabeba samaki miaka nenda miaka rudi, na mbao zake zinateleza kwa kung'aa. Kwa nini? Mafuta! Nimenunua dumu la mafuta ya sangara kwa akina mama wanaokaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda vya minofu. Luhaga, fundi seremala wa hapa jirani, akasema hajawahi kusikia kitu cha namna hiyo. Angesikia wapi? Nimepaka mara mbili. Jioni sakafu imekuwa kioo.

Alhamisi, 10 Agosti

Haikauki.

Paka wote wa Isamilo wako barazani kwangu. Mmoja amepita dirishani akalamba kuanzia mlangoni mpaka chini ya kabati, bila haraka, kama mtu aliyekaribishwa. Sisimizi wamefuata, kisha nzi. Venant amepita akiwa amejiziba pua kwa tai, akauliza tumefungua lini kiwanda cha minofu. Mama Queen amehamishia godoro jikoni.

Ijumaa, 11 Agosti

Mthamini, Bwana Okumu, amefika asubuhi. Mimi nimevaa suti. Hatua ya kwanza sebuleni, kiatu chake kikanata. Hatua ya pili, mguu ukatoka na kiatu kikabaki. Akasimama kwa mguu mmoja akiandika. Akaniuliza kwa upole kama kuna kitu kimefia chini ya sakafu. Nikamweleza ni sangara. Akaandika zaidi.

Venant yeye kamtembeza nyumba nzima, mpaka stoo ya kuni! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jumatano, 16 Agosti

Bei zimetoka. Yetu ni ndogo kuliko zote. Kiinua mgongo kinatosha, na cha kununulia bati kinabaki. Mama Queen amepiga vigelegele mpaka majirani wakadhani binti yetu Queen ameposwa.

Kisha nikasoma maelezo. "Sakafu imeoza, haifai." Haifai! Mvule! Na nyumba ya Venant, pacha wa yangu, imepewa bei kubwa kabisa. Anazunguka akilalamika kwa kila mtu jinsi ilivyo kubwa. Kulalamika gani huko! Ni majivuno. Anataka watu waisikie.

Mama Queen ameniona navuta pumzi. Akanishika mkono. "Baba Queen, nakuomba kitu kimoja tu. Lipa, unyamaze."

Nimeahidi.

Ijumaa, 18 Agosti

Ahadi haikusema chochote kuhusu vanishi. Nimemega kidogo kwenye kiinua mgongo. Nimeosha sakafu kwa majivu na maji ya moto, nimesugua upya, nimepaka. Imekauka! Mama Queen ametembea juu yake peku, akarudi akatembea tena. Akasema hakujua tunaishi ndani ya nyumba nzuri namna hii. Sikumbuki lini mara ya mwisho alinisifu.

Mtu akifanya kazi kama hii, kisha iandikwe "haifai"?

Jumatatu, 21 Agosti

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekata rufaa. Bwana Okumu amekuja wakati Mama Queen yuko sokoni. Alivua viatu mwenyewe. Akainama, akapapasa mbao, akanitazama.

"Mzee Machibya, ile bei ya kwanza haikukutosha?"

Nikamwambia mfuko iliutosha, lakini mimi mwenyewe ilinidhalilisha. Akasema yeye kazi yake ni kuandika anachokiona.

Jumanne, 29 Agosti

Nimemshinda Venant! Bei yangu ndiyo kubwa kuliko zote mlimani. Nimempelekea karatasi aisome mwenyewe. Akanipa mkono. Yake amekwisha kuilipia, kauza pikipiki.

Kiinua mgongo hakifiki hata nusu. Amenunua bwana mmoja wa kiwanda cha minofu. Alipoingia sebuleni alisema ameona sakafu nyingi, kama hii hajaona.

Mama Queen alikuwa amekaa ngazini na sufuria mapajani. "Ilikuwa yetu," akasema. "Ilikuwa imeshakuwa yetu." Akainuka akaenda kupika. Imeniuma, nakiri. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu. Lakini kosa ni la shirika! Kwanza wanatukana mbao za watu, halafu wanazipandishia bei!

Jumapili, 10 Septemba

Tumehamia Mabatini. Chumba kimoja. Mwenye nyumba ni Mama Rozina, mjane, mpole, hajui biashara. Nimekikagua chumba vizuri. Saruji imara, dari haivuji, dirisha linaangalia ziwa ukisimama juu ya ndoo. Leo baada ya ibada nimemwita kando nikamweleza ukweli: kodi anayotutoza ni ndogo mno, ni aibu kwa chumba cha hadhi hii, na anayekaa humo anaonekana mtu wa hovyo. Amenishukuru sana. Amesema kesho atatutajia kodi mpya. Mama Queen bado hajui.