Kumurudisha Madame Emerance Biblioteki

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 6 mwezi wa tatu 2017

Biblioteki ya parokia, Bigo. Wasomaji leo: hakuna. Panya: moja. Ilikimbia.

Lambert amepaka rangi kibanda yake, ngambo ya barabara, mbele ya mulango yangu kabisa. Ameandika: TUNATIA VITABU NDANI YA TELEFONE. Herufi nyekundu! Haya hana. Vitabu yenyewe ni ya hapa. Anakuja na kadi yake ya musomaji, anaazima roman, kitabu ya hadithi, anapiga kila ukurasa picha ya kuuzia watu, kesho yake anarudisha na aksanti nyingi. Sheria ya parokia haikatazi. Nimeisoma mara ine.

Saa kumi Madame Emerance alipita. Anafundisha troisième primaire, darasa ya tatu, mujane kama miye. Macho ndani ya telefone, nusura aanguke ndani ya mutaro. Alicheka peke yake. Miezi minane sasa hajaingia hapa. Zamani kila siku ya ine ya juma, masomo ikiisha, alikaa kwenye kiti ya dirisha mupaka saa kumi na moja. Nilikuwa napanguza vumbi kwa meza yake hata kama vumbi haiko. Ninamutamani, ee. Naandika wazi, hakuna mutu anasomaka kitu hapa.

Nimepata shauri! Courant, umeme ya muji, imekatika tangu siku tatu. Siye tuko na panneau ya jua juu ya paa. Kesho: kuchaji telefone bure. Sharti moja: mwenye telefone anakaa, anasoma kitabu mupaka telefone ijae. Telefone ya Emerance lazima itazima tu. Atakuja.

Siku ya pili, tarehe 7

Watu makumi tatu na mbili! Niliandika majina yote ndani ya rejista. Kisha wote waliacha telefone, wakaenda soko. Alibaki mama Léontine peke yake, yule anauzaka samaki ya Kasenyi. Alikamata dictionnaire, ile kamusi kubwa, akalala juu yake mupaka saa sita.

Saa saba batri ya panneau ikafa. Wenyewe wakarudi kuzikamata: telefone zote rangi nyeusi, zote sawasawa! Nilimupatia katekista telefone ya mwenye baa. Muke ya katekista ndiye alipokea simu ya kwanza. Sitaandika aliambiwa nini.

Abbé Eugène, padri wetu, akaniita. Alisema kwa upole, na upole yake inauma kuliko fimbo, ya kwamba biblioteki haiko nyumba ya kuchajia telefone. Nilimuuliza basi siku hizi iko nini? Akasema atasali.

Emerance hakuja. Mama Léontine anasema alimuona kwa Lambert, anachaji kwa jenereta yake. Aka!

Siku ya tatu, tarehe 8

Lambert alikuja kuazima ile roman ya Viviane, infirmière, muuguzi ambaye hajui aolewe na daktari ao na rubani wa ndege. Alisema Madame Emerance ndiye ameiomba.

Wembe ilikuwa ndani ya meza. Shetani hakunisukuma, nilienda mwenyewe. Nilimwambia Lambert angoje, nikaingia nyuma ya kabati, nikakata sura ya mwisho. Kurasa kumi na moja.

Miaka makumi mbili na mbili nalinda hii vitabu. Wakati ya vita niliificha chini ya altare. Watu waliiba mupaka milango, lakini kitabu haikupotea hata moja. Leo nimeikata kwa mukono yangu. Nililia kidogo. Kisha nikacheka. Mwenye kutaka mwisho, aje kwangu!

Siku ya ine, tarehe 9

ALIKUJA!

Saa tisa na nusu. Kitambaa ya kijani kichwani. Alisimama mulangoni, akauliza kama mwisho ya Viviane iko hapa. Nilijibu iko, lakini haitoki nje, inasomewa hapa. Akasema sawa, tena vizuri zaidi. Akaketi kwenye kiti yake, akatoa telefone, akaniomba nikae karibu naye. Karibu naye!

Akanieleza. Wako wanawake kumi na ine, walisoma darasa moja naye. Vita iliwatawanya: moja iko Aru, moja Kasenyi, wawili Beni, wengine walibaki Uganda. Hata sasa, watu wanasema amani, lakini kila moja analala na sakoshi ya safari karibu na mulango. Basi kila siku ya ine Emerance anawasomea roman kwa sauti ndani ya telefone. Wanalia pamoja, wanacheka pamoja. Leo tangu saa saba aliwasomea Viviane, hadithi ikakatika mbele ya mwisho. Akasema weye papa Katsuva uko na sauti nzuri, ile unasomaka nayo kwa misa. Utusomee mwisho weye. Na siku ya ine inayokuja tena, na ingine, kama unapenda.

Roho yangu iliruka.

Kisha akawapigia simu, wanawake wote wakanisalimia mara moja ndani ya telefone, kwa nguvu. Yule wa Aru akapiga vigelegele.

Ndani ya biblioteki!

Niliweka kidole kwa mudomo. Nikafanya: shhh! Nikawaonyesha tangazo ya ukuta: KIMYA. Hata kama walikuwa hawaioni, nikaionyesha tu.

Madame Emerance aliangalia tangazo, kisha akaniangalia miye. Akasema polepole ya kwamba mwaka jana, siku ile alicheka na kitabu mukononi, nilimufanyia vile vile, na ndiyo sababu hakurudi. Akazima telefone. Akasoma peke yake bila sauti, akapanguza macho, akanirudishia kurasa, akasema aksanti. Akatoka.

Dakika kumi na mbili. Niliangalia saa.

Siku ya posho, ya sita, tarehe 11

Kiti yake sijaisogeza. Imeelekea mulango, vile aliiacha.

Leo alisimama kwa Lambert, telefone mukononi, anawahadithia wenzake mwisho ya Viviane kwa kichwa. Vicheko ilifika mupaka huku. Nilifunga dirisha. Nikaifungua tena. Inaniuma, acha tu.

Nimefikiri siku mbili. Siko mupumbavu, nimeona kosa yangu. Nilikata sura moja tu! Sura moja ni dakika kumi na mbili. Roman inayokuja nitakata mbili. Atakaa hapa dirishani dakika makumi mbili na ine, kimya kabisa, na miye nitamuangalia.