Malisho Bila Ng'ombe

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimeudhika! Bi Marjorie, yule bibi wa Kimarekani aliyeuguzwa na mke wangu Restuta mpaka siku ya mwisho, kumbe aliacha wosia. Zipporah, mwenzake Restuta kazini, kapata televisheni kubwa. Restuta kapata picha. Picha ya nyasi! Mchoraji ni Mmarekani mmoja, Orville Tansley, alikufa zamani na hakuna anayemjua. Mto, mbingu, majani mpaka magotini. Mtu hakuna. Ng'ombe hata mmoja hayupo! Mimi, Deus, Msukuma wa Magu, nitukanwe hivi sebuleni kwangu hapa Woolwich, London? Na ameitundika mbele ya sofa, mahali pa picha yangu ya mahafali. Mahafali yangu sasa yako koridoni, karibu na choo.

Jumatano, 8 Oktoba

Restuta akirudi kutoka kazini anakaa mbele ya zile nyasi, koti bado mwilini. Nikiuliza chakula anasema nisubiri kidogo. Nisubiri! Kwa ajili ya majani!

Nimemtafuta huyo Tansley kwenye simu. Kumbe kuna mtu anakusanya picha zake, tena yupo hapa hapa London, Tooting! Nikampigia. Anaitwa Alnashir, muuza vitambaa, mzaliwa wa Mwanza. Akanisalimia Kisukuma. Kisukuma chake kimenyooka kuliko cha wanangu, ambao hata Kiswahili wanakijibu kwa Kiingereza. Hilo limenichoma. Akasema ameitafuta hiyo Tansley ya mto miaka mingi, na kama ndiyo yenyewe, bei nitaje mimi.

Restuta akasema picha haiuzwi, na tusilirudie hilo. Sawa. Jumamosi yuko zamu. Nimemwalika Alnashir Jumamosi.

Jumamosi, 11 Oktoba, asubuhi

Nimegundua kwa nini Tansley alisahaulika! Hasira imenipanda mpaka kichwa kinauma. Wasomi wote wa sanaa wamekaa na macho yao, hawakuona! Malisho ya namna ile, maji yapo karibu, halafu mfugo hakuna. Nani anunue pori?

Nimenunua rangi za mafuta. Nimechora ng'ombe kando ya mto wa Tansley. Mwekundu, baka jeupe ubavuni, nundu imekaa vizuri sana. Miguu ilinishinda, nikamzamisha kwenye majani mpaka tumboni. Alnashir akimwona atatoa machozi.

Jumamosi, jioni

Katoa kweli. Akakaa chini, akaomba maji. Akasema Tansley hakuchora kiumbe hai maisha yake yote, na hao wachache wanaompenda wanampendea hilo. Kisha akauliza kwa nini nimeweka mbuzi. MBUZI! Na kazaliwa Mwanza! Nikamwambia atoke. Alipokuwa mlangoni, Restuta akaingia.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Akasema kutwa nzima ni Restuta niinue, Restuta nigeuze, Restuta maji. Akifika nyumbani watoto ni mama, soksi, mama, Beatha kanipiga, na mimi ni mke wangu, chakula. Kule kwenye majani hakukuwa na wa kumwita. Bi Marjorie alilijua hilo, ndiyo maana akampa ile picha. Kisha akamtazama ng'ombe wangu. Akasema sasa na huyu naye anataka kukamuliwa.

Chai ameinywa jikoni, amesimama, anautazama ukuta.

Jumapili, 12 Oktoba

Alnashir kapiga. Nilitaka kumkatia. Akasema rangi haijakauka, kwa hiyo bado kuna nafasi. Kesho atakuja na Mohinder, fundi wa kusafisha picha, amtoe ng'ombe bila kumgusa Tansley. Hataki tena kununua. Anamwonea huruma mke wangu. Anamwonea huruma mke wangu! Yeye nani? Akanisihi nisiguse kitu chochote mpaka kesho.

Lakini Restuta hajalikalia sofa tangu jana. Leo tumetoka kanisani, akakaa kwenye ngazi, koti mwilini, anatazama viatu vya watoto. Imeniuma. Nampenda mke wangu, na sofa tupu sikuweza kulivumilia.

Basi nikakaa mahali pake. Nikaitazama picha muda mrefu, kwa mara ya kwanza bila hasira, nikiyapima maneno yake moja moja. Na nimeelewa! Ana haki kabisa, kosa ni langu. Ng'ombe anahitaji kukamuliwa, na mimi nimemwacha pale porini bila mtu. Lazima kazi imwangukie Restuta!

Nachora mkamuaji. Sasa hivi, kabla huyo Mohinder hajaja kuharibu. Sura atachukua yangu, ili Restuta aone kazi imepata mwenyewe. Miguu nitaificha kwenye majani.